Mtoto anakohoa usiku, mume anataka mashine ya kusafisha hewa. Tununue au tuhame?

SWALI

Fundi shikamoo,

Mimi ni mama wa watoto wawili, tunakaa Tabata, tumepanga chumba na sebule kwenye nyumba ya wapangaji watano, zile za korido katikati na vyumba huku na huku, choo na bafu viko uani. Nyumba sio ya zamani, mwenye nyumba kapiga jipsamu juu na madirisha ya aluminiamu ya kuslaidi yenye wavu, kiukweli tuliipendea hapo hapo maana kule tulikotoka mbu walikuwa wanatubeba.

Sasa tangu masika ianze huyu mdogo wa miaka mitatu anakohoa usiku. Mchana anacheza nje vizuri tu huwezi jua kama mgonjwa, ikifika saa tano sita za usiku kifua kinaanza kupiga filimbi. Zahanati walitupa dawa ya kikohozi na antibayotiki, akapata nafuu siku mbili tatu halafu ikarudi. Alafu nyuma ya kabati la nguo ukuta umeota ukungu mweusi, nafuta unarudi, nguo zote zinanuka uvundo mpaka nguo za kazini naona aibu kuvaa. Chumba chenyewe ni futi 10 kwa 12, dirisha moja la futi 4 kwa 4 linaangaliana na ukuta wa jirani, ukinyoosha mkono unaugusa.

Mvua ikinyesha uani hakupikiki. Kwa hiyo mkaa nawashia nje kwanza, moshi ukiisha na mkaa ukishakuwa mwekundu ndo naingiza jiko ndani karibu na mlango, maharage yanachemka taratibu huku tunaangalia tv. Majirani nao wanaweka koridoni hivyo hivyo. Mi mwenyewe siku hizi naamka kichwa kizito kinagonga lakini nikishafika dukani Kariakoo kwenye saa nne hivi kinaacha, nadhani ni uchovu tu. Usiku tunachoma dawa ya mbu ya mduara kwa sababu mume wangu anasema chandarua kinamletea joto. Na mama mkwe wangu yuko na sisi, hapendi kabisa dirisha likiwa wazi, anasema mtoto ndo anapigwa na baridi hapo, na kila magharibi anafukiza ubani. Mi sina neno na ubani, ni mambo yake na harufu naipenda, nakutajia tu ili ujue kila kitu.

Mume kaona mtandaoni mashine ya kusafisha hewa, laki tatu na nusu, wameandika inaondoa moshi, harufu na virusi kwa ayoni. Rafiki yake kamwambia bora aongeze hela anunue AC. Mi naona hela yenyewe ndo ya ada ya mkubwa. Nisaidie fundi, tununue ipi, au tuhame?

*Mama wa wawili, Tabata*

JIBU

Marahaba mwanangu.

Umeniuliza kuhusu mashine, nitaijibu usijali, ila kwenye barua yako kuna sentensi moja umeipitisha haraka haraka kama haina maana na ndo iliyonifanya nikujibu wewe kabla ya wenzako walioandika mapema. Ni hiyo ya kichwa. Unaamka kinagonga, ukitoka nyumbani ukakaa masaa kadhaa kinaacha. Huo sio uchovu. Uchovu unaenda nao mpaka dukani na jioni unarudi nao umeongezeka. Kichwa kinachouma ndani ya nyumba na kupona nje ya nyumba, na ndani kuna jiko la mkaa, mtu wa kazi yangu anafikiria kitu kimoja kwanza: kaboni monoksaidi.

Hii gesi haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Na hapa ndo watu wengi wanajidanganya, kwamba moshi ukiisha hatari imeisha. Moshi ule wa mwanzo ni uchafu uliobaki kwenye mkaa unaungua, unakuchoma macho kwa hiyo unakimbia mwenyewe. Mkaa ukishakuwa mwekundu umetulia, hewa haifiki vizuri katikati ya lile rundo, basi kaboni inaungua nusu nusu na kutoa gesi hiyo. Siku ukipata nafasi liangalie jiko gizani, ule muali mdogo wa bluu unaochezacheza juu ya makaa mekundu ndo kaboni monoksaidi yenyewe inaungua, ile iliyopata hewa. Ambayo haikupata inabaki chumbani na nyinyi mnaangalia tamthilia. Na ukiweka sufuria ya maharage juu ukafunga kijimlango cha chini ili moto uwe wa taratibu, ndo unaizidisha.

Ikiingia kwenye damu inashika mahali pa oksijeni, na inashika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Ukitoka kwenye hewa safi mwili unaitoa, nusu yake kwa kama masaa manne au matano, ndo maana saa nne asubuhi ukiwa dukani unajisikia mzima. Dalili zake zinafanana na malaria inayoanza, kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kulegea, kwa hiyo watu wanameza dozi na kurudi kulala chumba kile kile. Mtoto anapumua haraka kuliko wewe, sumu inamwingia mapema. Sikutishi, ila kila mwaka wakati wa mvua na wa baridi, Mbeya huko, Njombe, Iringa, tunasikia familia imekutwa asubuhi hakuna aliyeamka, na jiko liko katikati ya chumba.

Kwa hiyo kuanzia leo, hata kabla hujamaliza kusoma, jiko la mkaa lisiingie ndani ya chumba wala koridoni, iwe limewaka limekuwa jekundu au limebaki majivu ya moto. Jiko banifu nalo ni hivyo hivyo, linakula mkaa kidogo, ni zuri kwa mfuko, lakini gesi linatoa. Akiamka mtu mmoja wenu anatapika au hajielewi, wote nje kwenye hewa, halafu hospitali, na mwambieni daktari kwamba mlilala na mkaa ndani, usipomwambia atapima malaria tu.

Najua utaniuliza sasa mvua ikinyesha nipikie wapi. Nyie ni wapangaji watano. Mirunda minne na bati tatu nne pale uani, pande mbili wazi, bati liinuke juu ya kichwa cha mtu na lisigusane na ukuta, hilo ni jiko la nyumba nzima. Mkichanga watano hela ya kila mmoja haifiki hata robo ya hiyo mashine ya mume wako. Na maharage, ambayo ndo yanakula mkaa wa masaa mawili matatu, ningekuwa mimi ningeyahamishia kwenye presha kuka ya umeme. Watu wanaogopa umeme wa LUKU lakini maharage ya familia kwenye ile sufuria hayamalizi hata uniti moja, kwa sababu imefungwa na imevishwa, joto halitoki. Piga hesabu ya kopo la mkaa bei ya leo hapo Tabata halafu uniambie. Gesi nayo ni sawa, mtungi mdogo wa kilo 6, ila mtungi usikae chini ya kitanda wala kwenye kona iliyozibwa kwani gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini sakafuni inatafuta cheche. Moto wake uwe wa bluu, ukiwa wa njano na sufuria zinapata masizi chini ujue jiko ni chafu au haliungui vizuri. Serikali yenyewe imeweka mkakati wa mwaka 2024 hadi 2034, lengo asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, wewe usisubiri huo mwaka.

Mtoto. Mi sio daktari, ni mtu wa hewa na majengo, lakini kifua kinachopiga filimbi usiku na mchana hakuna kitu mrudishe hospitali, safari hii uwaambie neno hilo filimbi, na uwatajie ukungu, mkaa na dawa ya mbu, waangalie kama ni pumu. Na kikohozi kikifika wiki mbili kwenye nyumba ya watu wengi inayotumia korido moja, omba apimwe na kifua kikuu pia. Usinunue tena antibayotiki duka la dawa kwa kukisia.

Nije kwenye dawa ya mbu ya mduara. Kuna watafiti walipima mwaka 2003 wakakuta mduara mmoja ukiungua wote unatoa vumbi laini sawa na sigara kati ya 75 na 137. Vumbi laini nikimaanisha zile chembe ndogo ambazo pua haizikamati, zinashuka moja kwa moja mpaka chini kabisa ya mapafu. Yaani baba anayejisifu havuti sigara analaza wanawe kwenye chumba kilichovutiwa pakiti nne mpaka saba, dirisha limefungwa, mpaka asubuhi. Madirisha yako yana wavu umesema mwenyewe! Basi mduara wa nini? Kagua wavu, ukiwa umetoboka shona, ziba ule upenyo chini ya mlango kwa kipande cha mpira, halafu chandarua. Joto la chandarua analolalamikia mumeo ni kweli lipo, sitambishia, nyavu yoyote inapunguza upepo, ila dawa yake ni feni kupiga kuelekea kitandani, na feni inatumia umeme kidogo sana. Ubani wa bi mkubwa nitaurudia huko chini.

Haya sasa hewa yenyewe.

Chumba chako futi 10 kwa 12 ni kama mita za mraba 11. Kimo nadhani ni kama mita 2.7, hizi nyumba za jipsamu ndo zilivyo, kwa hiyo ndani kuna hewa mita za ujazo 30 hivi. Dirisha la futi 4 kwa 4 ni mita za mraba 1.4 na kitu, lakini la kuslaidi linafunguka nusu tu siku zote, kioo kimoja kinajificha nyuma ya mwenzake, umebakiwa na 0.7. Kanuni za ujenzi za Uingereza zinataka dirisha linalofunguka liwe walau sehemu moja ya ishirini ya sakafu, kwako hiyo ni 0.56. Kwa hiyo kwenye karatasi umefaulu! Mkaguzi angekupigia mhuri. Na bado chumba kinanuka uvundo, kwa nini?

Kwa sababu una tundu la kuingilia huna la kutokea. Upepo hauingii chumbani kama hauna pa kutokea, ni kama chupa, jaribu kupuliza hewa kwenye chupa uone. Chumba chenye dirisha moja na mlango uliofungwa hewa inazungukazunguka pale pale dirishani, pembeni kule nyuma ya kabati haifiki kabisa. Jaribu leo: washa kijiti cha udi, kimoja tu, kisogeze mpaka sentimita chache kutoka kwenye wavu, mlango umefungwa. Moshi utapanda wima tu au utayumba huku na huku. Halafu mtu afungue mlango wa koridoni na mlango wa korido wa kwenda uani. Ukiona ule moshi umelala ghafla unaelekea upande mmoja, hapo ndo hewa imepata njia. Fanya hivyo mchana wakati upepo wa bahari unaingia, na urudie usiku, Dar usiku mara nyingi upepo unalala kabisa na hapo feni inahitajika.

Nyumba za zamani za Kariakoo, Ilala na Magomeni, hizo hizo za korido, zilijengwa na watu walioelewa hili. Kuta za ndani zilikuwa hazifiki juu kwenye paa, joto linapanda linapita juu linatoka kwenye upenyo wa mabati, na mlango wa mbele na wa uani vinaangaliana, korido yote ni bomba la upepo. Kero yake ni kwamba ukigombana na mumeo nyumba nzima inasikia. Sisi mafundi wa siku hizi tumekuja na jipsamu tumeziba juu kote, tumeweka aluminiamu isiyopitisha hata unyoya, mlango una mpira, tukaita ya kisasa. Hatukuweka kitu badala yake. Ndo nyumba yako hiyo.

Kuna utafiti ulifanyika Lima, Peru, ulitoka 2007, walienda hospitali nane wakapima vyumba 70, wanaachia gesi chumbani halafu wanaangalia inaisha kwa kasi gani. Vyumba vilivyofunguliwa madirisha na milango hewa ilibadilika mara 28 kwa saa, vyumba vya mitambo ya kunyonya hewa vilipata 12. Na majengo ya kabla ya mwaka 1950, yenye dari ndefu na madirisha makubwa, yalipata 40 wakati ya kisasa yalipata 17. Walikuwa wanatafuta namna ya kuzuia kifua kikuu kisiambukize, ila somo la hewa ni lile lile hata kwa moshi na unyevu.

Hapa kwetu Mtwara vijijini zimejengwa nyumba 110 za majaribio zinaitwa Star Homes, nyembamba, za ghorofa, watu wanalala juu, na kuta za juu ni za wavu mzito hewa inapita usiku kucha na mbu hapiti, jiko nalo limetengenezwa moshi utoke. Mwenye nyumba wako hawezi kubomoa akajenga hivyo najua. Ila anaweza kufanya kitu kidogo sana, tundu juu ya mlango wa chumba chako, lile eneo kati ya fremu na dari, litobolewe futi moja kwa mbili na nusu liwekwe grili ya mbao za kupandana pamoja na wavu. Huko juu ndo hewa ya moto inakaa, itatokea hapo. Na kwenye sebule, kama ina ukuta wa nje, tofali za matundu mbili tatu juu karibu na dari. Hii ni kazi ya fundi mmoja na saidia wake, siku moja, mbili kwa kupiga rangi. Na kwa kuwa tundu litafungukia koridoni, ndo sababu nyingine jiko la jirani lisikae koridoni, la sivyo utakuwa umejitengenezea dohani linalomwaga chumbani kwako. Kikao cha wapangaji kianzie hapo.

Wakati unamsubiri mwenye nyumba, feni. Watu wanaielekeza feni kwao inazungusha uchafu ule ule. Asubuhi mkiamka na jioni kabla ya kulala iweke karibu na dirisha, mgongo kwenu, uso nje, fungua mlango wa chumba, dakika kumi na tano ishirini. Inasukuma ya ndani nje, mpya inaingia kwa mlango. Vua na wavu uuoshe, nyavu za Tabata na hilo vumbi la barabarani zinaziba mpaka zinakuwa kitambaa, shika taa nyuma yake usiku utaona mwenyewe.

Ukungu sasa. Kuufuta na kupaka rangi juu ni kujisumbua, ukungu unakula unyevu, ukiunyima maji unakufa. Tafuta maji yanatoka wapi. Kama alama inaanzia chini inapanda kama mawimbi na rangi inabanduka vipande na chumvi nyeupe, maji yanapanda kutoka kwenye msingi, hiyo ni kazi ya mwenye nyumba. Kama inatoka juu ni paa au bomba. Kama ni madoa madoa nyuma ya kabati tu na kwingine safi, basi ni mvuke wenu wenyewe, pumzi za watu, mvuke wa maharage, na nguo. Mvua ikinyesha mnaanika ndani si ndio? Maji yote mikono yako iliyoshindwa kuyakamua yanaishia kwenye hewa ya chumba, yanatafuta ukuta wa baridi yanakaa. Nguo zihamie chini ya lile bati la uani. Kabati livute liachane na ukuta kwa upana wa kiganja, na usirundike masanduku na mabegi juu yake mpaka darini.

Kuuondoa: mtoto asiwepo, madirisha wazi, barakoa na glavu, sabuni na maji kwanza, sugua, kausha, halafu jiki iliyopunguzwa kwa maji. USICHANGANYE jiki na dawa nyingine ya chooni wala siki wala kitu chochote eti ipate nguvu, inaweza kutoa gesi ya sumu kama klorini na hiyo kwa mtoto mwenye kifua ni balaa.

Mashine ya mume. Kwanza ile ya ayoni, yaani inayotia hewa chaji ya umeme, mwambie aachane nayo kabisa, nyingi za namna hiyo zinatoa gesi ya ozoni na ozoni inawasha mapafu, mtoto anayepiga filimbi ataongeza. Mashine nzuri zipo, zenye kichujio cha HEPA, zinakamata vumbi laini kweli kweli, asilimia 99.97 ya chembe zile ngumu kuliko zote kuzikamata. Kwa chumba chako iwe na uwezo wa kusafisha kama mita za ujazo 150 kwa saa, wanaandika kwenye boksi, wasipoandika usinunue. Lakini HEPA haigusi kaboni monoksaidi. Hata kidogo. Inapita kama hakuna kitu. Wala haikaushi ukuta. Yaani mngetoa laki tatu na nusu, taa ya kijani inawaka, mkaa uko mlangoni, na mnalala na amani ya uongo. AC nayo ya kupachika ukutani haileti hewa ya nje, inachukua ya chumbani inapoza inarudisha, na mtafunga dirisha ili baridi isitoke. Kama mumeo amesharidhia kutoa hela basi anunue kengele ya kaboni monoksaidi, ahakikishe imeandikwa hivyo na sio ya moshi tu, ni vitu viwili tofauti, na ichajiwe au ibadilishwe betri. Hela ya ada ibaki ya ada.

Bi mkubwa naomba usimwambie "fundi kasema". Mpe nafasi yake. Hofu yake ya baridi ina msingi, upepo wa kusi miezi hii ya sita na saba kwenye kifua cha mtoto aliyelowa jasho hauna raha. Kwa hiyo kitanda cha mtoto kiondoke kwenye mstari wa dirisha na mlango, kikae pembeni, mtoto avae fulana, upepo upite bila kumpiga. Akiona mtoto kalala bila kukohoa atalifungua dirisha mwenyewe. Ubani afukize, ila uwe sebuleni milango ikiwa wazi na mjukuu akiwa uani, na kipande kidogo kuliko anavyozoea, chumba cha kulala kipumzike. Mwombe baba mtoto amwambie, mama atamsikia mwanawe kuliko wewe.

Kuhama mi nisingehama bado. Ila kama ukuta unapanda maji na mwenye nyumba hataki kugusa, na tundu hataki, na anakwambia wapangaji wengine wapo tele nje, hapo sawa tafuteni kwingine, na siku ya kwenda kuangalia chumba nenda mchana wa jua, funga mlango dakika tano ukae ndani, angalia kama kuna tundu la pili, na uvute kabati la mpangaji aliyepo kama atakuruhusu. Akikubali kutoboa lakini akataka kupandisha kodi kwa ajili hiyo niandikie tena, na uniambie ule ukungu unaanzia chini au juu.